Fidla za kompyuta kwa laptopu ya RAM 8

Mdogo wangu, umeuliza kama ununue maktaba kubwa ya sauti za okestra (vyombo vilivyorekodiwa, unavipiga kwa kinanda kilichounganishwa na kompyuta) kwa ajili ya nyimbo za kwaya yenu hapa Tanga, na laptopu yako ina RAM ya GB 8. Usinunue bado. Anza na BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio: okestra nzima iliyorekodiwa Maida Vale, London, na inachukua takriban MB 200 tu. Toleo lake la Professional linakula mamia ya GB, na bando zetu unazijua.

Mimi nilihangaika mwaka mzima, fidla zinatoka bapa kama kinanda. Kumbe kila noti ilianza na kuisha kwa nguvu ileile! Sasa mkono wa kushoto hautoki kwenye gurudumu la modulesheni (CC1), lile la pembeni mwa kinanda linaloongeza na kupunguza nguvu ya sauti: napandisha taratibu sauti inapokua, nashusha kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Chelo (ndugu mkubwa wa fidla, wa sauti nzito) irekodi peke yake, kisha viola (ya sauti ya kati), kisha fidla.

Ukimpata mpiga fidla mmoja wa taarab, mrekodi juu ya zile za kompyuta, hata kwa simu chumbani. Utausikia upinde ukikwaruza nyuzi, na zile nyingine zote zitapata uhai.