Ulichonacho Wewe, Nyumbani Kwake Hawana

Siku ya tatu ya msiba wa rafiki yangu niliombwa kuandika wasifu wake mfupi wa kusomwa kazini. Nikaandika neno marehemu, nikaliwekea jina lake mbele, vidole vikagoma. Nilipojikaza nikaendelea, nilichotoa kilikuwa kilekile: mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Nilipokisoma upya niliona kwamba ukibadilisha jina tu, kingemfaa mtu yeyote. Nikakifuta chote.

Huyu mtu nilikaa naye dawati moja miaka minne ya sekondari. Tukapotezana, kisha kazi ikatukutanisha tena, chumba kimoja kwa miaka 11. Nilijua kwamba haanzi ukurasa kabla ya kuandika tarehe kwenye kona ya kulia na kuipigia mstari mara mbili. Alifanya hivyo kidato cha kwanza, na alifanya hivyo kwenye daftari la vikao wiki aliyoanza kuumwa. Akikwama kwenye hesabu alikuwa akivua saa na kuilaza mezani kifudifudi. Hesabu ikikubali, alipiga mluzi: wimbo uleule siku zote, na hakuumaliza hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako uliyefiwa na mtu wa namna hii ni kuandika mapema. Usingoje machungu yapoe, na usitafute mpangilio. Mimi niliandika usiku, nikafikisha kurasa tisa: alivyoketi, alivyopokea simu, alichosema siku tulipofeli mtihani ule wa fizikia. Leo nikizipitia nakuta mambo ambayo tayari yangeshanitoka kichwani.

Jiandae pia kwa swali hili: "Mlikuwa ndugu?" Utalisikia kila utakapoonekana umenyong'onyea kuliko wengine wanavyotarajia. Likizo ya msiba katika sehemu nyingi za kazi huhesabu mzazi, mwenzi wa ndoa na mtoto, na rafiki hamo. Mwaka 1989 mtaalamu wa masuala ya msiba kutoka Marekani, Kenneth Doka, aliupa jina uchungu ambao jamii haiutambui waziwazi wala kuupa nafasi. Siku nilipopata maelezo yake nilihisi kama mtu amenivutia kiti nikae. Lia, ndugu yangu. Mliyepitia naye ujana na utu uzima si mtu baki. Kwenye kikao kimoja nilijikuta nikisema, "Yeye huwa hapendi tufanye hivi," chumba kizima kikanyamaza. Mwenzangu akikosea hivyo siku hizi, simsahihishi. Namwacha amalize.

Sasa jambo la haraka zaidi, nalo wengi huchelewa: sauti na picha zake. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Mazungumzo yaliyomo kwenye simu yako hubaki kwako, ila simu ikiibiwa au ukibadilisha bila kuhifadhi nakala, yamekwenda. Google nao, tangu 2023, wana utaratibu wa kuweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na picha zilizomo. Facebook inaweza kugeuzwa kuwa ukurasa wa ukumbusho, lakini usiombe hilo kabla ya kuzungumza na familia, maana uamuzi ni wao. Nakala za sauti ziweke sehemu mbili tofauti, leo hiihii ukiweza. Kazini kwetu kompyuta yake ilisafishwa na kukabidhiwa mtu mwingine kabla sijapata akili ya kuuliza. Ndani yake kulikuwa na rasimu tuliyoiandika wawili, na maneno yake ya utani pembeni mwa kila aya. Hilo bado linaniuma.

Ukishaandika, wapelekee familia yake. Wiki za mwanzo nyumba hujaa watu na hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo mimi nilisubiri mpaka wageni wakapungua. Niliondoa kwanza kurasa mbili. Siri aliyokuamini nayo ni yake, imekwenda naye, hata kama unadhani ingewafariji. Lakini usimfanye malaika. Nilisita sana kuubakiza ule ukurasa unaosema alikuwa mwepesi wa hasira, na kwamba mwaka mmoja tulikaa miezi miwili hatusemezani kwa sababu ya ripoti. Shemeji alipoufikia alicheka huku machozi yakimtiririka. "Huyu ndiye," akasema. "Hawa wengine wote wananisimulia mtu nisiyemjua."

Binti yake mkubwa alizichukua kurasa akaenda nazo chumbani. Aliporudi alikuwa ameshikilia kidole kwenye mstari mmoja.

"Anko, baba alikuwa anapiga mluzi?"

Nikamwambia ndiyo, karibu kila siku. Akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa. Nyumbani hawakuwahi kumsikia. Nilijaribu kuwapigia ule wimbo, midomo ikanikauka. Ndipo nikakumbuka ujumbe wa sauti wa sekunde 14, ule alionitumia kunijulisha kwamba mahesabu ya mwezi yamelingana. Nikautafuta kwenye simu. Anasema sentensi mbili za kazi, kiti kinalia, halafu, kabla hajakata, mluzi unaanza na kuishia palepale anapouachaga siku zote.

Mtoto akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, safari hii akaichukua simu mwenyewe na kuiweka sikioni.