Nyayo 31 kutoka kwa Bibi Thackeray

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama makaburi ya wamisionari wa kale yanastahili kukarabatiwa kwa fedha za umma. Nililisoma mara mbili, kwa sababu kwetu Mbweni, Unguja, swali hilo limeanzia katikati. Kabla ya kuuliza nani alipe, mngeuliza kwanza ni nani aliyelala pale pasipo na jiwe.

Wenyeji hawahitaji kusimuliwa, lakini kwa ufupi: Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana wa Uingereza, ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, na kuanzia 1874 ikawaweka hapo watu waliookolewa na manowari za Kiingereza wakiwa ndani ya majahazi ya watumwa, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lenye mnara unaochungulia kati ya miti, ni la mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Askofu Steere, mkuu wa misheni hiyo. Yeye alizikwa nyuma ya altare ya kanisa la Mkunazini, mjini Zanzibar, na kila mgeni huoneshwa. Caroline Thackeray, aliyefika 1877 na kuiongoza shule ya wasichana ya Mbweni hadi 1902, hakurudi kwao Uingereza. Alifariki 1926, na kaburi lake limo katika uwanja wa kanisa letu. Ni hilo ambalo wageni huliulizia.

Nilikaa kuandika nikiwa nimekwisha kuamua: isitolewe hata shilingi moja kwa wenye mawe mpaka wasio na mawe waandikwe majina yao.

Kilichonitia uchungu ni jambo la mwaka 1979, Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, nilipokuwa na miaka tisa. Bibi mzaa mama alinichukua nikamsaidie kusafisha makaburi. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku, na ukoka ulikuwa umelowa. Mimi nilibeba panga na fagio la chelewa, yeye alibeba asumini zilizofungwa kwenye kitambaa. Tulipofika kwenye kaburi la Bibi Thackeray hakuomba wala hakufagia. Alivua ndara akanipa, akaegemeza kisigino kwenye ukingo wa kaburi, akaelekeza uso kwenye mwembe uliokuwa karibu na ukuta, akaanza kupiga nyayo, kisigino kikigusa kidole gumba, akihesabu kwa sauti ndogo kama anayehesabu fedha za mtu mwingine. Akisahau alirudi mwanzo. Alisahau mara mbili. Alipofika 31 alisimama akasema, "Hapa."

Palikuwa na majani matupu. Aliyelala hapo alikuwa bibi yake, aliyeshushwa jahazini akiwa mtoto, akafunzwa kusoma na kushona katika shule hiyo, akaolewa na kijana wa Kiungani, shule ya wavulana ya misheni, akazikwa miaka michache baada ya mwalimu wake. Msalaba wake wa mbao ulikwisha kuliwa na mchwa. Jina la ubatizo tulilijua, nalo lilikuwa la Kiingereza. Jina alilokuja nalo kutoka kwao hakuna aliyelijua. Nikauliza kwa nini hakuwekewa jiwe. "Jiwe lilitaka pesa, mwanangu," akasema. "Nipe ndara zangu, miguu inaniuma."

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kunilegea mkononi. Mwembe umeanguka zamani, ingawa shimo la kisiki chake bado laonekana kwa anayejua pa kutazama. Alama ya kuanzia kupima ni moja tu, nayo ni kaburi lilelile nililotaka lisitumiwe hata shilingi. Likibomoka, au likisogezwa nusu mita na fundi mwenye nia njema anayetaka kunyoosha njia ya wageni, bibi wa bibi yangu atapotea pamoja nalo, na nadhani wako wengi ambao jamaa zao wanawapima hivyo hivyo kimyakimya.

Basi nasema, kinyume cha nilivyoanza: likarabatiwe, na fedha za umma zitumike ikibidi, kwa masharti. Wasiweke saruji uwanjani. Wasisawazishe vilima vidogo kwa kuviona ni udongo mtupu. Hata ule ubao wa majina niliotaka kuudai sasa siuungi mkono sana, kwa kuwa vitabu vya ubatizo vitatupa majina waliyopewa, na sijui kama wenyewe wangependa kuitwa hivyo milele.

Jambo moja zaidi. Nilijaribu kupima mwenyewe mwaka jana. Mguu wangu ni mkubwa kuliko wa bibi, na kwa nyayo 31 tofauti inazidi mita moja, nafasi ya kaburi la mtu mwingine kabisa. Binti yangu ana mguu unaokaribiana na wa bibi. Kwa hiyo naomba ukarabati, kama upo, usubiri mpaka Novemba, tumalize kupima.

Msomaji wenu, Mbweni