Barua kwa mwanangu: fildi ya Unga Limited, usajili au kimya kimya?

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Moshi hatujambo, mvua imekatika na baridi ya Julai imeshuka kutoka mlimani.

Ujumbe wako nimeuelewa hivi: mkandarasi wa umeme pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, amekukubali kwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, anataka uanze Jumatatu, atakupa elfu tano kwa siku ya nauli na chakula, na mambo ya chuo amesema mtayaona mbele kwa mbele. Unauliza kama kuna haja ya kuipeleka nafasi hiyo chuoni isajiliwe, maana ukiisajili mwalimu atakuja kukukagua na bosi hapendi wageni kwenye saiti zake.

Ipeleke. Ikiwezekana kabla ya Jumatatu. Isipowezekana, anza siku chache baadaye, lakini usizihesabu siku zako za fildi kabla karatasi haijafika kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo. Usajili wa fildi haurudi nyuma. Kwa mratibu, wiki zako zinaanza na tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kukubaliwa, hata kama ulikuwa umeshabeba ngazi wiki tatu kabla. Ukienda kusajili katikati ya msimu, utaambiwa uanze kuhesabu upya, na wiki nane zinazotakiwa hazitatimia kabla chuo hakijafungua. Hapo ndipo wanafunzi wanapoanza kumwomba bosi awaandikie tarehe ya nyuma. Usifanye hivyo. Mratibu hupiga simu kwenye namba iliyo kwenye barua na kuuliza swali dogo tu, "alianza lini?", na fundi asiyejua mmepanga nini atajibu ukweli.

Kuna kazi moja isiyohitaji usajili, nayo uitofautishe na hii. Ukienda kujifunza kwa hiari yako likizo fupi, nje ya msimu wa fildi, hilo si somo la chuo na mratibu hana pa kuliandika. Lakini hii ya Julai hadi mwishoni mwa Agosti ndiyo fildi iliyo kwenye mtaala wako. Ina alama, inaingia kwenye matokeo, na usipoifaulu unairudia msimu ujao wakati wenzako wanavaa majoho. Rafiki yako unayekaa naye, kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, ana sababu ya ziada: fedha za mafunzo kwa vitendo hupitia kwenye orodha inayotoka chuoni, na asiye kwenye orodha atangoja sana.

Sasa bosi wako. Simlaumu, ana hofu ambayo wakandarasi wengi wadogo wanayo: anadhani karatasi ya chuo ikiingia ofisini kwake, wewe unageuka mwajiriwa, na nyuma ya mwalimu watakuja watu wa kodi. Sivyo. Barua ya kukubali mwanafunzi si mkataba wa ajira; ndani yake hakuna mshahara, hakuna cheo, na ina tarehe ya mwisho. Elfu tano kwa siku, hata ukifanya kazi Jumamosi zote, ni kama laki moja na thelathini kwa mwezi wa siku 26. Kodi ya mshahara haianzi kukatwa hadi malipo yazidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Mwambie hesabu hiyo kwa upole, si kama unamfundisha biashara. Mwalimu akija naye haji kukagua vitabu vya mauzo. Anasalimia, anaangalia kitabu chako cha kumbukumbu za kila siku (ninyi mnakiita logibuku), anakuuliza maswali mbele ya ubao wa breka, anazungumza na msimamizi wako pembeni, anajaza fomu, anaondoka.

Ila kuna hofu nyingine ambayo huenda ni ya kweli, na hiyo ichunguze mwenyewe kabla hujamsihi sana. Mkandarasi anayefunga umeme kwenye majengo anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mteja akitaka kuunganishiwa na TANESCO, shirika la umeme, fomu yake lazima ipite kwa mkandarasi mwenye leseni. Muulize, "Mzee, naomba kuona leseni nijue niandike daraja gani kwenye ripoti." Mwenye nayo ataitoa kwa fahari, au iko ukutani kabisa. Akianza kusema leseni anatumia ya ndugu yake, basi umeshajua kwa nini hapendi wageni. Hapo usipeleke jina lake chuoni, na wala usimfanyie kazi. Saini ya mtu ambaye mwenyewe hana kibali haina uzito kwenye fomu ya tathmini, na ajali ikitokea kwake hakuna atakayesimama na wewe.

Kuhusu ajali nitakuwa mkali kidogo. Umeme wa njia moja ni volti 230, wa njia tatu kati ya fezi na fezi ni 400, na hautambui kama mtu ni mwanafunzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwenye eneo la kazi wajibu wa usalama. Fidia ya fedha ni jambo jingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaendeshwa kwa michango ambayo mwajiri anatoa kulingana na mishahara anayolipa, na wewe humo kwenye mishahara hiyo. Kwa hiyo usiutegemee. Kinachobaki ni kadi yako ya bima ya afya, hakikisha haijaisha muda, na bima ya ajali ya wanafunzi kama chuo chako kinayo. Muulize mratibu siku ileile unayopeleka barua. Bima ya namna hiyo, ikiwepo, inamwangalia mwanafunzi aliyeko mahali ambapo chuo kimempeleka. Ukiwa umejipeleka mwenyewe, kwenye karatasi za chuo uko nyumbani unakunywa chai. Na usajili usikutie kiburi cha kushika waya ulio hai: zima, funga breka kwa kufuli, bandika kibao, kisha pima, na testa yenyewe uijaribu kwenye umeme unaoujua kabla na baada ya kupima. Viatu vya soli ya mpira na glovu za kuhami umeme ulizie mapema kama anavyo. Kama hana, niambie tununue viatu. Glovu anunue yeye.

Njia ya karatasi inakwenda hivi. Kwanza barua ya utambulisho kutoka kwa mratibu wako, yenye jina lako kama lilivyo kwenye cheti, namba ya usajili, kozi, mwaka, na tarehe za kuanza na kumaliza. Iwe imeandikwa kwa jina halisi la kampuni, lile lililo kwenye leseni, si jina la mtaani. Hapa hukwama wengi: barua inaandikwa kwa "Fundi fulani Electrical", muhuri unaorudi ni wa duka lake la vifaa vya ujenzi, na mratibu anaona vitu viwili tofauti. Halafu barua ya kukubaliwa. Bosi wako hana katibu, na ukimwachia aandike atakuzungusha hadi Agosti. Muandikie rasimu, umtumie kwa simu, achapishe kwenye karatasi yenye nembo yake. Inatosha hivi:

"Tunakubali kumpokea (jina), namba ya usajili (…), mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhandisi wa umeme, kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kuanzia tarehe (…) hadi tarehe (…). Atasimamiwa na Ndugu (…), fundi mkuu, simu (…). Kituo chake ni karakana yetu ya Unga Limited. Akipelekwa saiti nyingine chuo kitaarifiwa."

Saini, jina, cheo, muhuri, tarehe. Msimamizi awe mtu wa umeme. Wapo wanaoandikiwa na mhasibu wa ofisi kwa sababu ndiye anayekaa na muhuri, kisha fomu ya tathmini inauliza uwezo wa mwanafunzi kusoma mchoro wa saketi na mhasibu anaweka vema kote. Mwalimu anayeona vema kote hushuka na maswali.

Toa nakala mbili. Ya kwanza mpe mratibu, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Kama chuo chako kinataka pia ujaze kwenye mfumo wa intaneti, jaza, lakini nakala yenye muhuri usiitupe. Mfumo hukatika, nakala iko begini. Wiki ya kwanza ya kazi peleka fomu ya kuripoti yenye maelezo ya kufika: barabara gani, karibu na nini, namba ya simu inayopatikana. Walimu wanazunguka vituo vingi kwa siku chache, asiyepatikana anarukwa.

Na hilo la kurukwa ndilo litakalokusumbua zaidi, kwa sababu mkandarasi hakai mahali pamoja. Leo mko Unga Limited, wiki ijayo mnafunga umeme kwenye loji Karatu. Mwalimu akija Njiro na Sakina siku hiyo, atapita karakanani akute kufuli. Kila mkihama, mtumie mratibu ujumbe mfupi wa maandishi siku hiyohiyo: nimehamia wapi, hadi lini. Simu ya mdomo haitoshi, hatakumbuka.

Logibuku ijazwe jioni, kila siku, hata mistari mitatu. Usiandike "tulifanya wayaringi". Andika: tumevuta nyaya za milimita 2.5 za mraba kwa soketi za vyumba vinne, saketi ya duara, breka ya ampea 32. Taa kwa nyaya za 1.5 na breka ya ampea 10. Tumepima uhami wa nyaya kwa megga (kipima uhami) ya volti 500, usomaji uko juu ya megaomu 1. Chumba cha pili kilisoma chini, tukakuta waya umechubuliwa na msumari kwenye bomba. Kipande hicho cha msumari ndicho mwalimu atakachokusifia, kwa sababu hakikopiki. Chora saketi kwa mkono ukurasa wa kushoto. Msimamizi asaini kila Ijumaa. Saini nane za rangi moja ya kalamu, zilizonyooka kama foleni, zinasema zenyewe kwamba zimewekwa usiku mmoja. Na angalia kalenda. Msimu wenu una Nane Nane katikati, sikukuu ya kitaifa. Wanafunzi wanaojaza kwa kukisia huandika siku hiyo kwamba walifunga ubao wa breka, wakati hata geti la saiti halikufunguliwa. Kama kweli mlifanya kazi, andika "siku ya mapumziko, tuliitwa kwa dharura", na msimamizi aweke saini fupi pembeni.

Ukiona umebanwa, mtu atakuonyesha pale mjini wanapochonga mihuri. Hiyo ni kughushi, na chuo kikiona hakitakuuliza fildi tena, kitakuuliza nidhamu.

Mzee wa Unga Limited akikataa kusaini barua baada ya maelezo yote haya, mshukuru na uondoke bila ugomvi; Arusha haikosi karakana, na barua ya utambulisho inaweza kuandikwa upya kwa kampuni nyingine ndani ya siku mbili tatu. Usisajiliwe sehemu mbili kwa pamoja. Kama utahama ukiwa umeshasajiliwa, hama wiki ya kwanza, na barua ya kuachiwa kutoka ulikotoka, maana baada ya hapo hakuna mratibu atakayekubali kugawa wiki zako vipande.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya mratibu kabla ya saa nne, kabla foleni haijawa ndefu, uombe hiyo barua ya utambulisho. Jina la kampuni lisome kwenye leseni yake, usilibahatishe. Nakala ikigongwa muhuri nitumie picha.

Mama yako