Maswali ya Wasomaji: Mvinje, mwashoki au fikasi?

SWALI: Habari za kazi. Kiwanja changu kipo Kigamboni, mchanga mtupu, na upepo wa bahari unafika. Nataka miti ya kijani mwaka mzima kando ya ukuta, inisitiri. Muuza miche kaniletea aina tatu: msonobari, mwashoki na fikasi. Nitaitambuaje, na nipande upi? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Huo "msonobari" ukague kwanza, maana kwa Dar mara nyingi ni mvinje. Shika kijiti kimoja chembamba cha kijani ukivute polepole. Kikiachia kwenye pingili, ni mvinje. Zile unazodhani ni sindano ni vijitawi. Majani yenyewe ni magamba madogo mno, saba hivi, yamezunguka kila pingili. Sindano ya msonobari haina pingili, na hutoka mbilimbili au tatutatu kwenye kishina kimoja.

Mwashoki una jani refu jembamba linalong'aa, ukingo wake una mawimbi, na majani machanga yana rangi ya shaba. Matawi yake huning'inia yakilikumbatia shina. Fikasi vunja jani: litatoa utomvu mweupe kama wa mtini.

Kwa kusitiri ukuta, panda mwashoki. Hautanuki, mizizi yake haina fujo, unakaa mita 1.5 kutoka ukutani na mita 1.5 kati ya mche na mche. Ila upepo wa chumvi ukiupiga moja kwa moja, kingo za majani huungua. Kwa hiyo upande wa bahari tanguliza mstari wa mvinje, unaovumilia chumvi na mchanga, mita 3 kati ya miti na angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba. Ukisogea karibu zaidi, vijiti vyake vitaziba mifereji ya paa. Chini yake usitegemee ukoka kustawi.

Fikasi mrudishie mwenyewe. Mizizi yake hufuata maji, na chemba ya maji taka ndiyo inayoumia kwanza, kisha ukuta.

Panda masika yakianza, mwezi Machi. Chimba shimo sentimita 60 kwa 60, kina hivyohivyo, uchanganye udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na ikikauka huita mchwa. Chana kiriba chote, yaani mfuko wa plastiki wa mche, ukitoe. Mizizi iliyojizungusha chini ikate, la sivyo itaendelea kujizungusha humohumo, na mti utakuja kuanguka kwa upepo ukiwa mkubwa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita 10 mara mbili kwa wiki. Mchanga haushiki maji, basi tandaza majani makavu, yasiguse shina.

SWALI: Mwarobaini wangu umepukutika majani yote. Si mti wa kijani mwaka mzima huu? Umekufa? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Kiangazi kikizidi, mwarobaini hupukutisha majani kuokoa maji. Kwaruza gamba la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, ni mzima: mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki, uache kupogoa mpaka uchipue. Ukiona kahawia kavu, kwaruza chini zaidi, hadi kwenye shina, kabla hujaita mtu wa panga.