Waache Wakisie Kwanza: Kwa Mwalimu Mpya Anayeingia na Kompyuta Kwenye Kipindi cha Hisabati

Mwalimu mwenzangu unayeanza, ukipata kompyuta na projekta kwa mara ya kwanza, utavutiwa kuonyesha. Unafungua programu, grafu inajichora, darasa linashangaa, kengele inalia na wewe unatoka umefurahi. Wiki inayofuata unawapa swali lilelile kwenye daftari na nusu ya darasa hawana pa kuanzia. Si kwamba ni wazembe. Uliwaonyesha jibu la swali ambalo walikuwa hawajajiuliza.

Ndiyo maana kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko mengine yote: mwanafunzi asione kinachotokea kwenye skrini kabla hajaandika anachotarajia kukiona. Aandike kwa kalamu. Anayesema kwa mdomo hubadili maneno yake upesi mara picha inapotokea, lakini aliyeandika ana kitu cha kulinganisha, na akikuta kimekwenda kinyume atataka kujua kwa nini. Kutaka kujua huko ndiko unakokuhitaji ili somo liingie.

Chukua mlinganyo y = x² + bx + 1. GeoGebra na Desmos, programu za kuchora grafu, zote zinakuwezesha kuweka kitelezi kwa ajili ya b, yaani kile kidoti unachokisogeza kushoto na kulia ili thamani ibadilike. Kabla hujakigusa, uliza: b ikiongezeka kutoka 0, parabola itakwenda wapi? Wengi wataandika kwamba itahamia kulia, kwa sababu wamezoea kuona namba zinazokua zikielekea kulia. Wengine wataandika itapanda juu, kwa kuwa wanakumbuka kilichotokea walipobadili namba ya mwisho. Sasa sogeza. Parabola inakwenda kushoto, tena inashuka. Rudisha b upande wa hasi: inakwenda kulia, na bado inashuka. Lakini kuna nukta moja ambayo haitikisiki hata kidogo, nayo ni (0, 1).

Hapo usikimbilie kueleza. Acha kimya kikae kidogo. Karibu kila mara atatokea mmoja wa kusema kwamba x ikiwa 0, basi bx nayo ni 0 hata b iwe namba gani. Akilisema hilo mwanafunzi, darasa linalisikia kwa namna ambayo halikusikii wewe. Kisha waambie programu iache alama pale inapopita nukta ya chini kabisa ya parabola, na usogeze kitelezi tena. Alama zinachora parabola nyingine iliyopinduliwa, y = 1 − x². Wenye kasi wape kazi ya kuthibitisha kwa kukamilisha mraba. Nimeona darasa zima likiinamia madaftari kwa hiari baada ya kuona parabola hiyo ya pili, na hakuna zoezi la kitabuni ninaloweza kulilinganisha na hilo.

Katika jometri, kipimo chako kiwe kuburuta. Mwambie mwanafunzi achore mraba kwenye GeoGebra. Wengi watatupa nukta nne, wataziunganisha, na kwa macho utakuwa mraba kweli. Kamata kona moja uiburute: umbo linaharibika, unabaki na pande nne tu zisizo na uhusiano. Sasa mwambie atengeneze mraba usioharibika hata akiburuta kona yoyote. Hawezi tena kutegemea macho. Itabidi ajiulize mraba ni nini hasa: pande zilizo sawa, basi anahitaji duara la kubeba urefu ule ule, pembe mraba, basi anahitaji mstari wa kukata mwingine kwa nyuzi 90. Akifaulu, ameshika sifa za mraba kwa undani kuliko aliyezikariri zote. Markus Hohenwarter alipoianza GeoGebra mwaka 2001 akiwa chuo kikuu huko Salzburg, Austria, nia ilikuwa kuweka jometri na aljebra mahali pamoja, na faida yake unaiona hapa: ukiburuta nukta upande wa mchoro, mlinganyo nao unabadilika upande wa pili. Waombe wanafunzi watazame pande zote mbili.

Kwa wadogo, kobe wa Logo bado ni mwalimu mzuri: Logo ni lugha ya kuiagiza kompyuta, na kobe ni alama kwenye skrini inayochora mstari inakopita. Logo ilianza mwaka 1967, na Seymour Papert alikuwa mmoja wa waliohusika kuiunda. Leo kobe huyo unamkuta ndani ya Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, bila kuongeza kitu. Waombe wachore pembetatu yenye pande tatu sawa. Watamwambia kobe aende mbele na ageuke nyuzi 60, mara tatu, maana pembe za pembetatu hiyo ni 60. Atachora nusu ya umbo la pande sita. Kobe hugeuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120, na mtoto aliyeinuka akatembea mwenyewe sakafuni akiigiza kobe ataligundua hilo kabla ya yule aliyekaa akibonyeza.

Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, huwa halipewi heshima yake. Katika somo la uwezekano, wape kwanza dadu mbili za kweli, warushe, waandike jumla. Uliza: kati ya 2 na 12, jumla ipi itatokea mara nyingi? Kundi kubwa litasema zote zina nafasi sawa. Marusho machache ya mkono hayatoshi kumaliza ubishi, na hapo ndipo kompyuta inapokuwa na kazi ya kweli. Fomula =RANDBETWEEN(1,6) kwenye safu mbili, jumla kwenye safu ya tatu, vuta chini hadi mistari 1000, chora grafu ya mihimili. Jumla ya 7 inasimama juu ya wenzake. Rudi ubaoni mhesabu njia: kati ya njia 36, sita zinaleta 7, moja tu inaleta 12. Lakini usiruke zile dadu za mkononi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kurusha kitu hajui mistari 1000 ile inasimamia nini.

Sasa upande ambao wageni wengi hawaandaliwi: mashine inaweza kumpotosha mtoto huku ikiwa sahihi kabisa kwa kanuni zake yenyewe. Andika =-3^2 kwenye Excel, unapata 9. Andika -3^2 kwenye Desmos, unapata −9. Excel inaichukua alama ya kutoa kuwa sehemu ya namba. Desmos inakokotoa kipeo kwanza, kama tunavyofundisha darasani. Andika =SIN(30) kwenye lahajedwali, utapata takriban −0.988 badala ya 0.5, kwa kuwa linapima pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Chora y = 2x na y = −x/2 huku mhimili mmoja ukiwa umebanwa kuliko mwingine, na mistari hiyo miwili haitaonekana kukatana kwa pembe mraba ingawa inakatana hivyo. Pembetatu yenye nyuzi 60.4, 60.4 na 59.2, programu ikiwa imewekwa kuonyesha namba nzima tu, itasomeka 60, 60 na 59. Jumla 179! Mtoto makini atanyoosha mkono, na ukimpuuza umemfundisha kutoamini macho yake.

Kuna moja linalogusa hata kanuni tuliyokua nayo. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inataja kujumlisha kabla ya kutoa, na wako wanafunzi wanaoichukua hivyo ilivyo. Wape 10 − 3 + 2. Atakayejumlisha kwanza atapata 5. Programu itampa 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hukokotolewa kutoka kushoto kwenda kulia. Kikokotoo rahisi kitakubaliana na programu hapa, lakini jaribu 2 + 3 × 4: vikokotoo vingine vidogo hutoa 20, vingine 14. Mimi mambo haya siyakwepi. Nayaleta darasani kwa makusudi, nawaachia wanafunzi waamue nani yuko sahihi na kwa kanuni ipi. Ila ni lazima wewe uwe umeyapitia kabla. Keti na kifaa chako jioni, fanya kila hatua ambayo mwanafunzi ataifanya, pamoja na zile atakazokosea.

Kuhusu vifaa: usihuzunike kama una kompyuta moja tu. Kwa mambo mengi niliyoyataja, skrini moja mbele ya darasa inatosha, na mara nyingine inafaa zaidi, kwa sababu wote wanatazama kitu kimoja na wanabishana juu yake. Mpe mwanafunzi mmoja kipanya, naye asifanye lolote bila kuagizwa na wenzake. Vikiwepo vifaa vya kutosha, waweke wawili wawili: mmoja kwenye kifaa, mwingine na kalamu, wabadilishane katikati. Ukitaka kuzungumza, vifaa vifunikwe kwanza. Kushindana na skrini iliyowaka hutaweza.

Intaneti nayo isikukwamishe. GeoGebra ina toleo la kupakua, na michezo ya majaribio ya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, inaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta na kufunguka bila mtandao. Ile ya sehemu na ya eneo inafaa sana madarasa ya chini. Pia, piga picha za skrini za hatua muhimu na uzichapishe. Umeme ukikatika, utabandika karatasi ubaoni na swali lako litabaki lile lile.

Zile programu za mazoezi zinazosahihisha zenyewe, zitumie kwa kiasi. Zinakusaidia kujua haraka nani amekwama, lakini mwanafunzi hujifunza kubahatisha: anabonyeza jibu, likikataliwa anabonyeza jingine. Dai hatua ziandikwe kwenye daftari, na uzisome hizo, si alama ya mwisho.

Kisha kuna programu kama Photomath, inayopiga picha swali na kutoa hatua zote, na sasa akili mnemba inayojibu kwa maandishi. Kuzipiga marufuku hakutafika nyumbani kwao. Badala yake badili aina ya swali. Wape suluhisho lililokamilika lenye kosa katikati na uwaombe walitafute na waeleze aliyekosea alikuwa anafikiri nini. Au waombe watunge mlinganyo ambao jibu lake ni x = 4 na ambao lazima mtu afungue mabano ili aupate. Akili mnemba huweza kukosea hesabu huku ikiandika kwa uhakika mkubwa. Chukua jibu lake, liweke ubaoni, darasa lilisahihishe mstari kwa mstari. Wanafunzi wanaoogopa kusahihishana wenyewe kwa wenyewe hupata ujasiri wa kusahihisha mashine.

Wala usianze na vyombo vyote hivi. Chagua kimoja kwa muhula mzima, chenye kazi katika mada zako, na ukijue vizuri. Kipindi cha kwanza wanafunzi watahangaika na vitufe: wapi pa kubonyeza, nukta inafutwaje, mchoro umepotelea wapi. Basi kifanye kipindi hicho kiwe cha vitufe, ukitumia hesabu nyepesi ambayo tayari wanaijua. Hesabu mpya ingoje kipindi kinachofuata.