Suti kavu ya kwanza: maswali yenu

Naongoza wageni kuzamia Nungwi. Ninunue suti kavu, ile ya kuzamia isiyoingiza maji?

La, kaka. Mwezi wa Machi maji ya Mnemba hufika nyuzijoto 29 hivi, na kusi likivuma hushuka hadi 25 au 26. Suti ya mpira ya milimita 3 yatosha. Kama unazama mara tatu kwa siku, vaa ya 5. Ukivaa suti kavu huku, utalowa jasho kabla mashua haijatia nanga.

Nimepata kazi Uskochi. Je, huko?

Huko huna budi. Pale ghuba ya Scapa Flow, wazamiaji wanakokwenda kutazama manowari za Ujerumani zilizozamishwa na mabaharia wao wenyewe mwaka 1919, majira ya baridi maji hushuka hadi nyuzijoto 6 hivi.

Suti ya mpira huingiza maji kidogo, mwili ukayapasha moto. Suti kavu huyazuia shingoni na mikononi, na joto lako hutegemea zaidi nguo unazovaa ndani yake. Basi nunua nguo hizo za ndani kwanza, uzivae, ndipo upime suti. Chuchumaa. Inua mikono. Hakikisha mkono wa kulia unaifikia vali ya bega la kushoto, ile ya kutolea hewa ya ndani ya suti. Suti kavu za neoprini (mpira wenye vipovu vya hewa) zina joto lake lakini ni nzito, hazikauki upesi. Za kitambaa chembamba cha tabaka tatu hukunjika begini, na mimi ningechukua hizo.

Ila usijitose nayo bila mwalimu. Hewa iliyo ndani ya suti ikikimbilia miguuni hukupindua kichwa chini, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyotanuka, ikakurusha juu kabla hujajua la kufanya.

Mimi ni mwanamke wa Chake Chake, nataka stara. Suti kavu itanifaa?

Joto litakutesa bure, dada. Vaa suti ya mpira ya mwili mzima, na juu yake fulana ndefu ya kuogelea.

Mgeni ananiuzia suti kavu iliyotumika. Niikague vipi?

Kama fundi wa pancha. Ziba mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa kuchezea, jaza hewa, pakaza maji ya sabuni, utazame mapovu. Lateksi ya mikononi, yaani mpira mwembamba unaozuia maji, ikiwa na nyufa si neno, hubadilishwa. Zipu mbovu ndiyo balaa: bei yake inauma, na hakuna fundi cherehani wa Darajani atakayekutengenezea.