Kufufua timu ya kikapu ya chuo: niliyoyaona Houston

Ndugu mleta mada, umeuliza namna ya kuifufua timu ya mpira wa kikapu ya chuo ulichosoma, ambayo mashabiki wameikimbia, na umesema kwamba wahitimu wenzako wanashinikiza nyota wa zamani apewe ukocha ili watu warudi uwanjani. Nitakujibu kwa kisa ninachokifahamu kwa karibu, cha Chuo Kikuu cha Houston, Texas, nilikosoma na ambako bado naishi. Ushauri wangu ni kwamba nyota huyo mwacheni kwanza. Jengeni mahali pa mazoezi, mpeni kocha muda, na viti vya karibu na uwanja wapeni wanafunzi.

Houston haikuanguka kutoka pahali padogo. Tarehe 20 Januari 1968 iliifunga UCLA, chuo cha Los Angeles, 71 kwa 69 ndani ya Astrodome, uwanja mkubwa wenye paa hapa Houston, mbele ya watazamaji 52,693, mchezaji wake Elvin Hayes akitia kikapuni pointi 39. Kocha yuleyule wa siku hiyo, Guy Lewis, akiwa na Hakeem Olajuwon kutoka Lagos, aliifikisha timu katika nne bora za taifa mwaka 1982, 1983 na 1984, ingawa fainali mbili za mwisho alizipoteza. Lewis alistaafu 1986. Miaka 10 baadaye ligi ya Southwest ilivunjika, vyuo vinne vya Texas vikachukuliwa na ligi kubwa zaidi ya Big 12, Houston ikaachwa nje. Watu hupenda kuwalaumu makocha waliofuata, lakini mimi naona pigo kubwa lilikuwa hilo: wapinzani ambao jina lao peke yake lilijaza ukumbi waliondoka, na fedha za televisheni zikaondoka nao. Baada ya 1992 timu ilisubiri hadi 2010 kuyaona tena mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na ikatolewa katika mchezo wa kwanza.

Sasa kuhusu huyo nyota wenu. Mwaka 1998 Houston ilifanya jambo lile lile mnalotaka kulifanya, ikamwajiri Clyde Drexler, aliyekulia mjini humo, akachezea chuo hicho pamoja na Olajuwon, kisha akatwaa ubingwa wa NBA akiwa na Rockets, timu ya kulipwa ya Houston, mwaka 1995. Huwezi kupata jina kubwa zaidi ya hilo katika mji ule. Katika misimu miwili alishinda michezo 19 na kupoteza 39, akajiuzulu. Simwoni kuwa alikuwa kocha mbaya kuliko wengine. Jina lake lilileta watu waje kumtazama yeye, wakati kijana wa miaka 17 anayechagua chuo alikuwa hajawahi kumwona Drexler wa chuoni akicheza, na alichotazama ni ligi dhaifu na vifaa vya zamani.

Nilipokuwa mwanafunzi niliukuta ukumbi wetu wa kikapu, Hofheinz, ukiwa na viti zaidi ya 8,000, na usiku wa katikati ya juma ungeweza kukaa safu ya juu ukasikia viatu vikikwaruza sakafu. Wengi wetu tulikuwa tunafanya kazi na kuishi mbali, kipindi kikiisha tunakimbilia magari, kwa hiyo hata ushindi usingetubakisha chuoni kama hakuna aliyetufuata na kutualika.

Kelvin Sampson aliajiriwa kuwa kocha mwaka 2014, akiwa ametoka katika adhabu ya miaka mitano aliyopewa na NCAA kwa sababu ya simu zilizokiuka kanuni za kusajili wachezaji, na akiwa amekaa miaka hiyo kama msaidizi katika NBA. Msimu wake wa kwanza alishinda 13 na kupoteza 19. Uliofuata alishinda 22, na mwaka huo wa 2016 likafunguliwa jengo la mazoezi lenye jina la Guy Lewis, lililogharimu takriban dola milioni 25. Wanaomfuatilia wanalijua zoezi lake la kufunika kikapu ili mpira usiingie kamwe, wachezaji wakabaki kugombea ribaundi tu, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu. Ugumu huo ndio mashabiki walioupenda kabla ushindi haujazoeleka, kwa sababu hata timu ikifungwa, mtu alitoka akijua wachezaji wamejituma.

Msimu wa 2017 hadi 2018 ukumbi ulikuwa ukijengwa upya na timu ilichezea katika chuo jirani cha Texas Southern. Katika msimu huohuo wa kuhamahama ndipo ilipopata ushindi wake wa kwanza wa NCAA tangu 1984, kisha ikafungwa na Michigan 64 kwa 63 kwa mtupo wa sekunde ya mwisho. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki hapa mjini, ambao Jumamosi zao ni za soka la Uingereza, walianza kuniuliza tiketi zinauzwa wapi baada ya kipigo hicho. Ukumbi mpya, uliopewa jina la Tilman Fertitta aliyetoa dola milioni 20, ulifunguliwa Desemba 2018 ukiwa na viti takriban 7,100, pungufu ya vile vya awali. Wapo waliolalamikia upungufu huo. Mimi nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote, kwani ukumbi mdogo uliojaa hufanya tiketi itafutwe, na kelele za wanafunzi walioketi chini humfikia mpinzani.

Umeuliza pia itachukua muda gani. Houston ilisubiri miaka minne tangu Sampson aje hadi mashindano ya 2018, na saba hadi nne bora ya 2021. Ilipokelewa Big 12 mwaka 2023, na fainali ya 2025 ikaipoteza kwa Florida 65 kwa 63. Kwa hiyo, kabla hamjamhoji kocha yeyote, iulizeni bodi yenu kwa maandishi kama iko tayari kumlinda baada ya msimu wa ushindi 13 na vipigo 19, na kama fedha za jengo la mazoezi zimeshatengwa au ni ahadi tu.